Katekisimu ya Zizini

Nilipostaafu ualimu na kurudi Bariadi nilikuwa na mambo mawili niliyoyamudu kwa hakika: Kilatini nilichofundishwa seminarini ujanani, na subira ya kusahihisha kosa moja mara arobaini bila kupandisha sauti. Kilatini hakikupata mteja. Subira ilipata kazi mwezi ule ule, kwa maana viongozi wa kigango chetu, kilichoko upande wa Sapiwi, waliniomba niwafundishe wakatekumeni watu wazima, yaani wale wanaojiandaa kubatizwa baada ya kuishi sehemu kubwa ya umri wao nje ya Kanisa. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Darasa letu lilikuwa kanisa lenyewe, kila Jumatano alasiri, watu wakishatoka mashambani. Ni jengo la matofali ya kuchoma, limeezekwa bati bila dari, kiasi kwamba mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza na wanafunzi hupumzika. Wengi wa wanafunzi wangu hawakujua kusoma, hivyo tulifundishana kwa mdomo, swali na jibu, kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Utaratibu wa paroko ulikuwa mfupi: kabla ya Pasaka angekuja kigangoni, angemketisha kila mkatekumeni mbele yake na kumuuliza. Hakuna karatasi, hakuna kunong'onezwa. Aliyeshindwa husubiri mwaka mwingine.

Miongoni mwao alikuwamo mfugaji mmoja mzee, ambaye kwa makisio yake mwenyewe alikuwa amevuka miaka sabini, na ambaye alikwisha kusubiri mwaka mwingine mara mbili. Mkewe alibatizwa utotoni, na ndoa yao ilibarikiwa zamani kwa ruhusa ya Kanisa, mume akibaki bila ubatizo. Mke alipopatwa na mtoto wa jicho, mume akawa ndiye macho yake. Kila Dominika alimshika mkono kutoka nyumbani hadi kanisani, na wakati wa komunyo alimwongoza hatua kwa hatua hadi mbele ya padre. Hapo alimwachia mkono, akasogea kando, akasimama kama nguzo ya uzio mpaka mkewe amalize. Kisha akamrudisha kwenye benchi.

Siku ya kwanza ya mafundisho nilimuuliza, kama nilivyowauliza wote, anataka nini kwa Kanisa. Wengine walijibu kwa maneno mazuri waliyoyasikia kwa wengine. Yeye alisema:

"Mwalimu, mimi na yule mama tumekula sahani moja tangu kichwa changu hakina mvi. Kuna chakula kimoja tu anakula peke yake, mimi nikiangalia. Nimechoka kuangalia."

"Utakula mwaka huu," nilimwambia. Nilikuwa nimeahidi jambo lisilo langu kuahidi, lakini nilijiamini kama mwalimu.

Na kweli mwaka ule alibadilika. Miaka iliyotangulia, niliambiwa, alikuwa akijibu maswali matatu na kupotea katika la nne. Sasa, kuanzia majuma machache baada ya Noeli, alianza kunijibu mfululizo, kwa utaratibu, bila kukwama: nani aliyemuumba, kwa nini alimuumba, dhambi ni nini, sakramenti ni ngapi na kila moja inaleta nini. Alifumba macho, akaanza, akamaliza. Nilimsifu mbele ya wenzake. Sitaficha kwamba nilijisifu na mimi, kimoyomoyo, kwa ubora wa njia yangu ya kufundisha.

Njia haikuwa yangu. Nililigundua hilo asubuhi moja ya Jumamosi, jumuiya yetu ilipopangiwa kusali nyumbani kwake. Niliwahi kuliko wote, kama ilivyo desturi yangu, nikamkuta zizini akitoa miti ya mlangoni ili ng'ombe watoke. Nilimsalimia, "Mwangaluka," naye hakuitikia. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Akatoka jike mweusi mwenye paji jeupe, mzee akasema jibu la uumbaji. Akatoka wa pili, mwekundu, pembe moja imeinama, akasema jibu la pili. Kila ng'ombe aliyevuka mlango alitoka na jibu lake, wala hawakugombania mlango, kwa maana ng'ombe waliozoeana wana utaratibu wao: kuna anayetangulia, kuna anayemfuata, na hakuna mdogo anayethubutu kumpita mkubwa. Nilisimama pale na kitabu changu cha sala mkononi, nikasikia katekisimu nzima ikipita mbele yangu kwa kwato, ikielekea malishoni.

Wa mwisho alipotoka ndipo aliponigeukia.

"Mwangaluka, Mwalimu. Samahani. Ningekuitikia, ningempoteza mmoja."

Furaha niliyoipata ni vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hakulelewa nilivyolelewa. Seminarini tulifundishwa kwamba wasemaji hodari wa Roma ya kale walijizoeza kutembea kwa fikra ndani ya nyumba wanayoijua, na katika kila chumba wakaweka hoja moja. Siku ya kuhutubia waliingia tena nyumbani humo kwa fikra, wakaziokota hoja zao chumba kwa chumba. Mzee huyu hakuwa na nyumba yenye vyumba vingi. Alikuwa na kundi. Nilimweleza habari za Warumi wale, naye akasikiliza kwa heshima.

"Walikuwa na ng'ombe?" aliuliza.

"Walikuwa nao."

"Basi kwa nini waliweka kwenye nyumba? Nyumba haitembei."

Nikaona sasa ndipo mahali pa kuingiza utaratibu wa kitaalamu. Nilitoa kalamu, nikamwomba anitajie ng'ombe wake wote, mmoja mmoja, na idadi yao, ili niandike kila jibu mbele ya ng'ombe wake na kuhakikisha hakuna lililosahauliwa. Uso wake ulikunjamana. Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa, nilipaswa kujua. Miaka ya vitabu ilinifanya nisahau lile ambalo mtoto wa miaka sita katika nchi yetu analijua.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Wanaangaliwa. Nikiangalia, najua kama wapo."

Niliirudisha kalamu mfukoni. Hivyo sikuwa na orodha, na kukosa orodha ndiko kulikotuponza.

Katikati ya Kwaresima mvua ya masika iliingia na upepo, ukaezua nusu ya nyumba yake. Mkewe alilala siku mbili kwa jirani. Siku ya tatu ulikuwa mnada. Mzee akatoka na ng'ombe mmoja, akarudi bila ng'ombe, na jioni ile yakaletwa mabati kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Jumuiya yote ilikwenda kuezeka. Mimi, ambaye sifai juu ya paa, nilikaa chini nikiwapa misumari, na baada ya kazi nilisema maneno machache juu ya mwanamume anayemtunza mkewe. Watu waliitikia vizuri. Haikunipitia akilini, hata mara moja, kujiuliza ni ng'ombe yupi aliyekwenda mnadani.

Jumamosi ya juma la tano paroko alikuja. Ni padre kijana, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, mpole katika mazungumzo na mgumu katika maswali. Aliketi kwenye kiti mbele ya altare, wakatekumeni wakaitwa mmoja mmoja, na sisi wengine tukakaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mke wa mzee aliketi karibu nami, mikono mapajani, kichwa amekiinamisha upande mmoja ili asikie.

Mzee alifumba macho, akaanza. Alikwenda vizuri mno. Niliwafuata ng'ombe wake kwa kumbukumbu yangu: mweusi wa paji jeupe, mwekundu wa pembe iliyoinama, na wengine wote nyuma yao. Alifika mwisho, akafumbua macho, akatabasamu.

"Vizuri sana, mzee," padre alisema. "Ila moja umeliruka. Ekaristi Takatifu ni nini?"

Mzee alifumba macho tena. Niliona midomo ikicheza. Alikuwa ameanza upya kuanzia wa kwanza. Akafika mwisho. Akarudia mara ya tatu, safari hii akiinua kidole kidogo kila mmoja anapopita.

"Padre," alisema, "huyo hayupo."

"Nani hayupo?"

"Huyo unayemuuliza. Aliuzwa."

Padre alinitazama. Nilisimama, nikaeleza kadiri nilivyoweza: zizi, mpangilio, mabati, mnada. Nilipofika mnadani kanisa lilikwisha kuangua kicheko. Mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti, "Jamani, Ekaristi imekwenda mnadani!" na mwenyekiti wa kigango, ambaye kazi yake ilikuwa kutuliza watu, alikuwa akijifuta machozi. Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Mke wa mzee aliketi vile vile, na mikono yake ilikuwa imekamatana.

Na padre naye, nitamtendea haki, alicheka kidogo tu.

"Mzee wangu, mengine yote ningeweza kuyafumbia macho," alisema. "Hili siwezi. Ndilo unalolijia. Nitakuwa hapa tena Jumatano ya Juma Kuu kukamilisha orodha ya watakaobatizwa. Uwe nalo."

"Na nisipokuwa nalo?"

"Utangoja Pasaka nyingine."

"Na kama ng'ombe yuko mbali?"

Padre alikuwa akikusanya vitabu vyake. "Basi mfuate," alisema, na nina hakika alikuwa anatania.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee na kumfundisha jibu lile upya, neno kwa neno. Alilisema mbele yangu mara kumi bila kosa. Nilipomwambia aanze tangu uumbaji, alilipita kama mara ya kwanza. Kundi lilikuwa limeziba pengo: aliyekuwa nyuma ya yule aliyeuzwa amesogea mbele, na hapakuwa na mahali pa jibu kukaa. Nilimshauri ampe jibu hilo ng'ombe mwingine. Alinitazama kwa huruma.

"Kila mmoja ana lake, Mwalimu. Utambebesha mawili?"

"Mtamba mmoja basi, asiye na jibu."

"Wale bado hawajapata nafasi. Leo yuko mbele, kesho nyuma. Ataniangusha." "Padre amesema tumfuate."

"Padre alikuwa anatania."

"Padre anatania kanisani?"

Aliyemnunua ng'ombe alijulikana, mfugaji wa Shishiyu aliyekuwa akitafuta jike la maziwa, na Jumatatu asubuhi nilimpakia mzee kwenye pikipiki yangu, koti lake amelifunga hadi shingoni, fimbo yake ameilaza mapajani mwake kama mtu anayekwenda kuchunga. Mkewe alitutoa hadi barabarani, akipapasa ukingo wa njia kwa mguu.

"Mkimwona," aliniambia, "msimchukue kwa nguvu. Tulikwisha kula mabati."

Mwenye ng'ombe alitupokea kwa salamu kamili, tukaulizana habari za watu, mvua, pamba na mifugo, kila kitu kwa zamu yake. Ila mzee alipoeleza shida yake, mtu yule alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa na umri wa kati, shati limefungwa kifungo kimoja, na hirizi ndogo ya ngozi ilionekana kifuani.

"Mmekuja kumtazama tu?"

"Kumtazama tu," nilisema.

"Watu wazima wawili, kutoka Bariadi, mafuta ya pikipiki, kumtazama ng'ombe. Mzee, sema kweli. Umejuta kuuza, au umekuja kumroga?"

"Ningetaka kukuroga ningekuja na pikipiki ya mwalimu wa dini?"

"Ndiyo maana naogopa. Mchawi mwenye akili angekuja hivyo hivyo."

Mzee alimweleza tena, kwa Kisukuma, polepole, jinsi majibu ya padre yalivyokaa juu ya kundi na jinsi moja lilivyoondoka na ng'ombe huyu. Mtu yule alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Mimi nilinunua ng'ombe na kwato zake," alisema. "Kama kulikuwa na dini ndani yake, hukuniambia mnadani."

"Sikujua kama nauza na hiyo."

"Sasa iko zizini kwangu. Kitu kilicho zizini kwangu lazima nikijue. Ukitaka kumwona, kwanza niambie jibu lenyewe linasemaje."

Nilifungua kinywa ili nitamke maneno sahihi. Mzee aliinua fimbo kidogo, nikakifunga. Ng'ombe alikuwa ametokea nyuma ya uzio, jike la rangi ya majivu, kiwele kipana. Alimtambua mzee, akasogea na kunusa koti lake. Mzee alimwekea kiganja mgongoni, akaanza, bila kufumba macho.

"Kuna mkate. Padre akishausemea maneno yale, si mkate tena. Macho yanaona mkate, ulimi unaonja mkate, lakini aliyemo ni Yesu mwenyewe, mwili wake."

"Na damu yake," nilisema.

"Mwalimu, nani anafundisha hapa?" Akamgeukia mwenyeji. "Na damu yake. Huyu ana haraka."

"Yumo mzima?" mwenyeji aliuliza.

"Mzima."

"Wakishavunja vipande?"

"Kila kipande, mzima."

"Haiwezekani. Kitu ukikigawa kinapungua."

Mzee alifikiri. Niliogopa, kwa maana swali hilo nililifundisha siku moja tu, mvua ilipoanza kupiga bati, na niliamini hakuna aliyelisikia.

"Kwenu mkichinja," alisema, "nani anapewa kidari?"

"Kidari ni cha mjomba."

"Na shingo?"

"Ya wachinjaji."

"Na aliyechelewa?"

"Anapata anachokikuta. Na maneno juu."

"Hapa hakuna mjomba, hakuna aliyechelewa. Anayekuja wa kwanza anapata mzima. Anayekuja wa mwisho anapata mzima. Yeye mwenyewe hapungui."

Mwenyeji aliuegemea uzio.

"Na hakuna ugomvi?"

"Wa chakula hicho, hakuna. Ugomvi mwingine tunao."

"Mimi siamini," mwenyeji alisema. "Lakini limesemwa vizuri." Akatuita ndani, tukapewa maziwa ya ng'ombe yule yule, na walibishana juu ya jambo lile mpaka jua likapita utosini, mwenyeji akishambulia kila upande na mzee akirudi kila mara mahali pale pale, bila hasira, na bila kukosa neno hata moja la lazima. Mimi nilikunywa maziwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha sikuwa na kitu cha kusahihisha, isipokuwa mpangilio wa sentensi mbili, nao niliuacha.

Njiani kurudi nilimuuliza mara tatu, kwa sauti ya kushinda upepo, jibu ataliweka kwa nani sasa, kwa maana lile jike tulimwacha Shishiyu. Mara zote tatu aliniambia niangalie barabara.

Jumatano ya Juma Kuu padre hakupoteza muda. Alimwita mzee kwanza, na hakuanza na uumbaji.

"Ekaristi Takatifu ni nini?"

Mzee alimtazama usoni. Alilisema jibu nililomfundisha, lote, mwili na damu, maumbo ya mkate na divai, kisha akaendelea na kidari cha mjomba. Padre, ambaye kwao ng'ombe hugawanywa kwa njia nyingine, ilibidi aelezwe habari ya kidari, na akaelezwa.

"Umeliweka kwa ng'ombe gani safari hii?" aliuliza mwishowe.

"Sikuliweka kwa ng'ombe. Nililieleza kwa mtu mbishi, likakaa."

Padre aliandika jina lake kwenye orodha. Mkewe, kwenye benchi la nyuma, ambaye hakuweza kuiona kalamu, aliniuliza, "Ameandika?" Nikamwambia ameandika. Akaniuliza tena kama nimeona kwa macho yangu au ninamfariji. Nilimwambia mimi si mtu wa kufariji watu kwa uongo, nimeona. Ndipo alipoiachanisha mikono yake.

Mzee alibatizwa Dominika ya Pasaka, mchana, katika misa ya kigangoni, watu wakiwa wamejaa hadi nje ya milango. Wakati wa komunyo alimwongoza mkewe kama kawaida, akamfikisha, na kwa mazoea ya miaka mingi akaachia mkono na kusogea kando. Padre alimkomunisha mama, kisha akabaki ameinua hostia, akingoja. Mzee naye alingoja. Ni mkewe aliyenyoosha mkono upande ule, akapapasa hewa mpaka akalipata koti lake, akamvuta.

"Mwili wa Kristo," padre alisema.

"Amina!" mzee alisema, na sauti ile ilifika barabarani.

Nilikuwa nyuma yao katika mstari, hivyo nilisikia waliyosemezana wakirudi kwenye benchi, bega kwa bega, wakitembea polepole kupita kawaida.

"Padre yuko karibu vile," mke alinong'ona, "ulikuwa unamwita nani?"

"Nyamaza, mama. Bado niko naye mdomoni."

Na mama yule akanyamaza, akaushika mkono wake, wakaketi.